Jiko Lenye Sauti ya Mwanakombo

Mjini Tanga sheria ilikuwa moja: sauti ya anayeongoza kampuni ya mashine za nyumbani ndiyo inayotumiwa na kila jiko na kila mlango kuzungumza. Miaka nenda miaka rudi, wanawake walifokewa na majiko yenye sauti za kiume. Siku Mwanakombo alipoapishwa, mwanamke wa kwanza kuiongoza kampuni hiyo, mtaa mzima wa Ngamiani ulilipuka kwa vigelegele.

"Shemeji Hemedi!" jirani alimpigia kelele mume wa Mwanakombo kutoka dirishani. "Mkeo yuko jikoni kwangu, anasema nimezidisha chumvi!"

"Mtii!" Hemedi akacheka. "Mimi namtii tangu ndoa, na sijafa!"

Mwanakombo alirudi jioni, kifua kimemjaa fahari. Kutwa nzima, katikati ya pongezi zote, alitamani jambo moja tu: Kidawa, bintiye mdogo, amkimbilie. Alivua viatu mlangoni akaita, "Kidawa wa mama, njoo unipokee!"

Mtoto alikuwa ameketi jikoni akipiga soga na jiko, anacheka hadi machozi. Hakugeuka.

"Ngoja kidogo," alisema. "Naongea na mama."