Gemu Lisilo na Huruma

"Gemu la mpira la siku hizi ni upuuzi mtupu," alisema Mbwiga, akiketi kwenye benchi la kibanda cha gemu alichokizoea kwa miaka ishirini na miwili. "Ukizidiwa, lenyewe linakubeba. Lile la magari nalo ni picha nzuri tu. Gemu ni hili la ngumi. Halimhurumii mtu."

Kidawa, fundi cherehani aliyekuwa akipigwa na Mbwiga kwenye gemu hilo tangu wote wawili hawajaota mvi, alicheka akachukua pedi ya pili ya kuchezea. Sheria ya kibanda ilikuwa moja: anayepigwa anainuka, anayeshinda anabaki.

Pambano likaanza. Kidole gumba cha Mbwiga, kilichopooza tangu alipougua, kikateleza juu ya kitufe. Akabonyeza tena. Kwenye kioo cha runinga, mpiganaji wake alisimama tu, mikono chini, akingoja kuamriwa.

Mpiganaji wa Kidawa akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, mpaka akaanguka nje ya ulingo.

"Umenimaliza, kaka," alisema Kidawa, akainuka bila kumtazama.

Akaketi mwingine, naye mpiganaji wake akarudi nyuma hivyo hivyo, akaanguka. Akaja wa tatu.

"Nipigeni, jamani," Mbwiga alisema kwa sauti ndogo. "Nipigeni na mimi niinuke."

"Mkongwe ni mkongwe tu!" mtu alisema, na kibanda kizima kikampigia makofi.

Kwenye kioo, mpiganaji wa nne alipiga saluti, kisha akaanza kurudi nyuma.