Balbu ya Tatu

Fundi Hemedi alifunga balbu ya tatu kwenye gari la Mzee Shekue, kisha akawasha taa hafifu, ile ya kupishana na wenzako barabarani. Ukuta wa gereji ukawa mweupe.

"Hii nayo imechoka," mzee alisema. "Nitafutie yenye nguvu."

"Mzee wangu, kali kuliko hii utawapofusha wanaokuja mbele."

"Haya, washa fulu tuone."

Hemedi aliwasha taa kali, akageuza uso haraka. Bi Mwanaidi, mke wa mzee, alijifunika macho kwa ncha ya kanga. Alipochungulia, alimwona mumewe amesimama mbele ya gari, ameikazia macho taa bila kupepesa.

"Fundi, hiyo bado hafifu. Nimesema fulu."

Hemedi alimtazama Bi Mwanaidi.

"Baba Njema," mkewe alisema taratibu, "leo nipe mimi funguo."

Mzee alizitoa mfukoni, akanyoosha mkono nazo kwenye mwanga, kando kidogo ya pale mkewe aliposimama. Bi Mwanaidi alisogea bila kishindo, akakinga kiganja chini ya mkono wake.