Karatasi Mbele ya Rejeta

Kwa siku tatu Fundi Mahanyu alitafuta kinachoichemsha pikapu ya mzee Kibwe. Alibadilisha pampu ya maji na kuzibua rejeta, wapi! Leo Kibwe alimleta Tunu, mwanafunzi wa zamani wa Mahanyu.

Tunu aliwasha injini, akaweka karatasi mbele ya rejeta. Badala ya kunata, ikapeperushwa.

"Nyaya za feni zimegeuzwa. Inasukuma upepo badala ya kuvuta."

"Nani alizifunga?" Kibwe aliuliza.

Tunu aliutambua ufungaji wa mwalimu wake, ila hakumtaja. "Hutokea, mzee."

"Kumbe mwanafunzi ndiye fundi! Kuanzia leo gari nakuletea wewe, binti."

Wivu ulimkaba Mahanyu. Tunu alimnyooshea bisibisi. "Zirudishe nyaya wewe, mwalimu."

Mahanyu hakuipokea. Feni iliendelea kuwapulizia joto usoni.