Pishi ya Kindi

Zamani wanyama walipokuwa wakifunga, siku mbili kabla ya Idi, Kindi tajiri alimpelekea Kanga mjane zaka ya fitri: pishi ya mchele uliojaa fukusi.

"Pokea, mama, unishukuru," alisema, majirani wakisikia.

"Karibu futari leo, bwana," Kanga akajibu kwa adabu.

Kindi akaja na kanzu yake, akatia tonge mdomoni, akalitema mbele ya wageni. "Fukusi! Unanidharau?"

"Hasha! Ni mchele wako. Kumbe huuli?"

Kindi akatahayari, akakimbilia nyumbani, akarudi na pishi ya mchele safi, akasimama kungoja shukrani.

Kanga akaipokea shingo juu. "Namshukuru Mungu aliyeniwekea haki yangu. Wewe ulikuwa umeishika tu."