Tangi Chini ya Kiti

Mzee Kibwana alilipima tangi la mafuta mara tatu. Katika fremu ya gari aliloliunda uani kwa miaka miwili, liliingia mahali pamoja tu: chini ya kiti cha mkewe.

"Yaani wewe uendeshe, mimi nikalie petroli?" aliuliza Bi Mashavu. "Sipandi."

"Nimelijaza maji tangu jana. Halijavuja hata tone."

"Maji hayawaki, Baba Salha."

"Basi nitalikalia mimi."

"Uniache mjane, na gari lenyewe sijui kuendesha?"

Mzee alicheka, kisha akaitazama fremu. Kulisogeza tangi nyuma kulitaka akate vyuma viwili alivyovichomelea vizuri kuliko vyote. Akachora mstari wa chaki. Bi Mashavu akakishika chuma kisitetemeke, na msumeno ukaanza kula.