Msemaji wa Mbwana

Tangu sheria ikataze dereva kushika simu akiwa kwenye mwendo, simu ya Mbwana wa bodaboda ilikuwa ikipokea yenyewe, ikimjibu mpigaji kwa sauti ya Mbwana mpaka azime pikipiki. Watu waliiita msemaji. Mashavu, mkewe, alianza kwa kuiachia maagizo tu: ukirudi pitia nazi, kikohozi cha mtoto kimepungua.

"Nimekusikia, mama Nasra," msemaji alimjibu. "Na mgongo wako je? Leo umepata hata kukaa?"

Mbwana mwenyewe hakuwa mtu wa kuuliza mgongo. Alikuwa mume mwema mwenye haya, aliyeagizwa nazi akarudi na nazi na samaki, bila maneno. Ndipo Mashavu akazoea kupiga akijua kabisa mumewe yuko njiani, akawa anakuna nazi huku anacheka peke yake jikoni.

Jioni moja Mbwana aliwahi kurudi. Alivua helmeti, akakaa mkekani, akamiminiwa chai. Waliulizana habari za kutwa, zikaisha. Mashavu alimtazama mwanamume wake, akampenda, na kile kimya kikamlemea.

"Baba Nasra," alisema taratibu, "sukari imekwisha. Hebu nichukulie dukani."

Kopo la sukari lilikuwa pale pale kwenye sinia, limejaa. Mbwana alilitazama, akamtazama na mkewe, akainuka.

Mashavu akashika simu. Nje alisikia pikipiki ikilipita duka la jirani bila kusimama, ikaanza kuzunguka mtaa polepole. Mbwana alikuwa anawapa Mashavu na msemaji nafasi wazungumze.