Mafunda Matatu

Funda la tatu liligoma kushuka. Lilikaa kooni, zito, lenye utelezi kama kamasi, na muuza dawa akajiziba mdomo kwa kiganja lisije likarudi.

"Meza, meza," mama mkwe alimhimiza kutoka kitandani. "Kuonja ni mafunda matatu. Moja ni dharau."

Akameza. Mwili mzima ukamsisimka kwa kinyaa.

Mwaka wa saba huu, kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Mama mkwe alichimba mizizi mwenyewe kule nyuma ya reli, akaikausha chini ya kitanda, kisha akamkabidhi mkwewe aichemshe. Ikichemka ilitoa povu la kijivu na harufu ya soksi zilizosahauliwa ndani ya viatu. Harufu iliganda kwenye mapazia, kwenye nywele, hata mkate uliinukia. Ilikuwa dawa ya tumbo la mama mkwe, na sharti lilikuwa moja: anayemletea aionje kwanza, mbele yake.

"Si kwamba sikuamini," bibi huyo alizoea kusema huku akicheka, "ila chakula cha mkwe huliwa kwa macho mawili."

Kisha alikipokea kikombe na kukiweka dirishani dawa ipoe, kando ya kopo lenye mpilipili. Mpilipili wenyewe ulikuwa wa ajabu. Ulinawiri, ukatoa maua kila msimu, na maua yakapukutika yote. Hakuna aliyewahi kuchuma pilipili pale.

Kwenye duka la dawa alikoajiriwa, muuza dawa alisukutua mdomo mara mbili kabla ya kufungua dirisha la wateja. "Usichanganye na dawa nyingine," alimwambia kila mtu, mpaka wenzake wakamtania kuwa hata usingizini huyasema hayo. Saa nne alimeza kidonge chake cha vitamini, kile wanachopewa wanawake wanaotafuta mtoto. Miaka saba ya vidonge, na tumbo kimya. Vipimo vyake vilikuwa safi, vya mumewe pia.

"Kuna kitu kingine unatumia?" daktari alimuuliza safari ya mwisho. "Miti shamba, labda?"

"Mimi? Yale matope!" Alikunja uso. "Hapana, daktari. Vitamini tu. Mizizi namwachia mama mkwe."

Jioni hiyo mumewe hakumtazama usoni. "Mama anasema yule aliyenichagulia tangu mwanzo bado hajaolewa," alisema. "Nimemkatalia mwaka hadi mwaka. Huu ukiisha bila mtoto, sijui nitamjibu nini."

Muuza dawa alilia bafuni, bomba likiwa wazi, asisikike.

Mwezi uliofuata shemeji yake, mdogo wa mumewe, alioa, akamleta bibi harusi nyumbani. Msichana mchangamfu, mwepesi wa kazi. Jumamosi moja alimkuta muuza dawa ameinamia sinki, anatapika kwa harufu ya sufuria.

"Dada, kapumzike. Leo nampelekea mimi."

"Mungu akubariki. Ila usisahau kuonja. Mafunda matatu, na ubane pua, maana utajuta kuzaliwa."

Muuza dawa alifuata nyuma kwa kunyata, akajibanza nje ya mlango, tayari kucheka. Angalau leo mwingine angeyaonja matope hayo. Alimwona bibi harusi akisalimu kwa adabu, akibana pua, akiinua kikombe mdomoni.

Mama mkwe, ambaye kila asubuhi, kwa kulalamikia tumbo, hushikwa mkono ndipo ashuke kitandani, aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akakipiga kikombe kikagonga ukuta, na povu la kijivu likachuruzika hadi sakafuni.

"Wewe usionje, mwanangu," alisema akihema, akimfuta midomo kwa ncha ya shuka. "Wewe nataka unipe mjukuu."